Mafuta Njia ya Tabora–Kigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwezi wa 12 ukikaribia maswali ni yale yale, watu wanarudi nyumbani na magari yao kutoka Dar na Dodoma na kila mtu anataka kujua sheli ziko wapi baada ya Tabora. Nimeyaweka yote hapa pamoja na ya madereva wa fuso na bodaboda. Hayana mpangilio wowote, nimeyaandika kama yalivyokuja.

Tabora mpaka Kigoma ni kilomita ngapi na gari yangu itakula lita ngapi?

Hesabu 420 hivi. Tabora–Urambo ni kama 90, Urambo–Kaliua 30, Kaliua mpaka Uvinza karibu 190, Uvinza kuingia Kigoma mjini mia na kidogo. IST iliyotulia inayoenda kilomita 13 kwa lita itakula lita 32 au 33, na tenki lake ni la lita 40 na kitu, kwahiyo kwa hesabu za kwenye karatasi ukijaza fulu Tabora unaingia Mwanga pale Kigoma mjini bila kugusa pampu nyingine. Ila karatasi haijapakia watu watano na magunia mawili ya mchele, haijawasha AC, wala haina plagi ambazo hazijabadilishwa tangu gari itoke bandarini. Noah ya kilomita 9 kwa lita inataka lita 47. Fuso yenye mzigo tuseme inaenda 4 kwa lita, hapo ni lita 105 na hujakutana na tope. Bodaboda inaenda kama 40 kwa lita kwahiyo inataka lita kumi na nusu, ambayo ndo karibu tenki zima, kwahiyo boda usijidanganye, lazima ujaze njiani.

Sheli zenyewe ziko wapi?

Tabora mjini zipo za kumwaga, huna haja ya kuuliza. Ukitoka hapo za uhakika zimekaa kwenye miji hii kwa mpangilio huu: Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, alafu Kigoma yenyewe. Ndo hivyo tu. Vijijini katikati vinachipuka vituo vidogo vya pampu moja au mbili, na ni vizuri vipo, ila mi huwa sivihesabu kwenye safari kwasababu kituo kidogo kikiuza mzigo wake leo kinaweza kukaa mpaka gari la mafuta lirudi tena, unafika unakuta mhudumu amekaa kwenye kiti cha plastiki anachati, anakwambia "yamekata kaka, labda kesho".

Kwahiyo ukiwa unapanga safari usihesabu kilomita, hesabu miji. Ukifika mji uliza unaofuata ni upi na je mafuta niliyonayo yananifikisha mji wa pili yake, maana huo unaofuata unaweza kukuta pakavu.

Mbona zimejibana sehemu moja moja, kwanini mtu asiweke sheli katikati ya Nguruka na Uvinza akapiga hela?

Swali zuri na watu wengi wanadhani ni uzembe. Sio uzembe. Angalia ramani ya reli ya kati alafu angalia ramani ya sheli, utaona ni kama zimechorwa na mtu mmoja. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kwa miaka mingi sana treni ndo ilikuwa usafiri wa huku, barabara ilikuwa ni ya matope na mateso. Watu wakakaa kwenye stesheni: Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Malagarasi, Uvinza, Kazuramimba. Kaliua ikapata bahati zaidi kwasababu ndo jankisheni, reli ya kwenda Mpanda inachomokea pale. Lami ilipokuja ilikuta miji imeshakaa, ikawa inaunganisha tu.

Alafu 2012 ikaja kugawanywa kwa wilaya. Kaliua ikawa wilaya, Uvinza ikawa wilaya, na huko juu Buhigwe na Kakonko pia. Mji ukiwa makao ya wilaya au uko jirani na makao unapata gari za halmashauri, za hospitali, za polisi, wakandarasi, benki, na hizo zote zinakunywa mafuta mwaka mzima bila kujali mvua. Mwenye sheli anataka mteja wa namna hiyo. Ongeza tumbaku ya Urambo na Kaliua, kipindi cha masoko malori yanashindana na wakulima wakishalipwa utaona pikipiki mpya zinatoka madukani hazijatolewa hata nailoni kwenye siti. Uvinza kuna chumvi, nayo inataka magari.

Sasa linganisha na hapo katikati. Bonde la Malagarasi ni ardhi oevu kubwa sana, iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu za dunia, mwaka 2000 na ndo ilikuwa ya kwanza kwa Tanzania. Ni maji, nyasi na miombo. Hamna watu wa kununua. Sheli sio genge la nyanya, hela inalala ardhini kwenye tenki, na kama unauza lita 200 kwa siku kwa magari yanayopita tu basi mtaji unazunguka polepole mpaka benki inaanza kukupigia simu.

Kipande kipi ni cha kuogopa?

Nguruka–Uvinza. Kwangu mi hicho ndo chenyewe. Unavuka Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete lililofunguliwa 2015 kwa mkopo wa Korea Kusini, ukishavuka unakaa muda mrefu hujaona mji wa maana. Kipande cha Malagarasi–Ilunde–Uvinza ndo kilichochelewa kuwekwa lami kuliko vingine vyote vya njia hii, na vile tu kimechelewa biashara za pembeni nazo zimechelewa. Cha pili ni Kaliua–Nguruka, karibu kilomita mia, hapo angalau vijiji vipo.

Kutoka Tabora mpaka Kaliua hata ukilala usingizi (sio wewe dereva) huwezi kukwama kwa mafuta.

Usiku je?

Kigoma na Tabora mjini utapata. Hii miji ya katikati usiitegemee sana baada ya saa nne usiku, wengine wanafunga pampu kwa ajili ya usalama wa hela, wengine mhudumu analala humo humo, ukipiga honi kistaarabu anatoka. Kuna na suala la umeme, ukikatika na jenereta ni bovu au mwenyewe ameondoka na funguo basi mafuta yapo chini ya miguu yako na huwezi kuyapata. Anayepita Nguruka usiku ajaze Kaliua au Kigoma, kutegemea anatokea wapi.

Kwanini mafuta Kigoma ni bei juu kuliko Dar? Tunaibiwa?

Hamuibiwi, mnalipia barabara. Mafuta yanaingia nchini kupitia bandari za Dar, Tanga na Mtwara, yanaagizwa kwa pamoja, alafu EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, inapiga hesabu ya bei kikomo kwa kila eneo na kuitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ndani ya hiyo bei kuna gharama ya kusafirisha. Kutoka Dar mpaka Kigoma kwa kupitia Dodoma na Tabora ni zaidi ya kilomita 1,200, semi inayoleta mafuta nayo inachoma dizeli njia nzima, na kurudi inarudi tupu. Hiyo yote unailipa wewe pale kwenye pampu.

Ukiangalia jedwali la EWURA utaona hawasemi Kigoma peke yake, wanachambua mpaka Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe, na Uvinza yenyewe imegawanywa kuna Ilagala, Buhingu na Kalya kwasababu huko kusini mwambao wa ziwa ni mbali na kufika kwake ni kazi. Tabora vivyo hivyo, Urambo ina yake, Kaliua ina yake, Sikonge, Nzega na Igunga. Kwahiyo usimgombeze mhudumu wa Uvinza kwa bei uliyoiona Dodoma. Piga *152*00# fuata maelekezo utaona bei ya eneo ulipo.

Muhimu: hiyo ni bei kikomo. Sheli inaruhusiwa kuuza chini yake, hairuhusiwi kuuza juu yake hata shilingi moja, na bango la bei lazima lionekane. Ukikuta bango limefunikwa na gunia jua kuna jambo.

Na kuna wanaouliza kama inalipa kujaza Tabora ili kukwepa bei ya Kigoma. Chukulia tofauti ni shilingi 100 kwa lita, kwa lita 40 umeokoa 4,000, haifiki hata sahani ya mgebuka na ugali pale mwaloni wanaposhusha samaki. Jaza Tabora kwasababu ya usalama wa safari, hiyo hela ichukulie kama nyongeza.

Kuna watu wanauza petroli kwenye chupa njiani, ninunue?

Ukiwa umekwama nunua, usiwe na maringo. Utaona kimeza cha miti, juu chupa za maji za lita moja na nusu zimejazwa petroli ya rangi ya chai ya rangi, pembeni kuna faneli iliyotengenezwa kwa kukata chupa kichwa na kufungwa kipande cha kanga kuchuja takataka. Bodaboda wa vijijini wanaishi kwa hizo chupa, bila wao usafiri wa kwenda zahanati ungekufa. Bei yake iko juu ya sheli, ni haki yake, amebeba kwa pikipiki kutoka mjini.

Lakini angalia mambo mawili. Chupa inyanyue juani uitazame kitako, maji yanakaa chini, petroli inaelea juu yake, kama kuna mstari au matone yanatembea tembea chini achana nayo. La pili, uliza chombo kilichobebea. Huku kwetu dumu la njano la lita 20 limezaliwa kwa ajili ya mawese, na dumu la mawese halioshwi likaisha, petroli ikiingia mle inayeyusha yale mafuta yaliyoganda pembeni na yanaenda moja kwa moja kwenye kabureta yako. Pikipiki inaanza kukohoa na moshi wake unanuka jikoni.

Kisheria hiyo biashara hairuhusiwi na ni ya hatari, nyumba zinaungua. Nasema tu jinsi hali ilivyo.

Naweza kubeba dumu la akiba kwenye gari?

Wengi wanabeba. Sheli nyingine zitakukatalia kujaza kwenye dumu la plastiki na wako sahihi, usigombane na mhudumu kwa hilo. Ukipata dumu la chuma la mafuta lenye mfuniko wa kubana ndo zuri. Wakati wa kujaza liweke chini sakafuni, usilijazie likiwa ndani ya buti au juu ya siti ya pikipiki, na usilijaze mpaka shingoni maana joto la mchana petroli inatanuka. Na kama una watoto siti ya nyuma na dumu la petroli kwenye buti la IST, ambalo halina ukuta wowote kati yake na abiria, ni bora ujaze tenki mara mbili njiani kuliko kubeba hilo bomu.

Nitajuaje kama nimepunjwa au mafuta yamechakachuliwa?

Kupunjwa: hakikisha pampu imeanza sifuri kabla hajaminya, na angalia stika ya Wakala wa Vipimo. Ukiwa na shaka omba wapime kwenye kile kipimo cha chuma cha lita 20, kinatakiwa kiwepo, na jinsi mtu anavyobadilika sura ukikitaja inakupa nusu ya jibu. Nunua kwa lita sio kwa hela, sema "niwekee lita 20" alafu linganisha na geji yako unayoijua.

Kuchakachua kumepungua sana. Mwaka 2010 walianza kuweka vinasaba (kemikali ya alama) kwenye mafuta ya ndani ili kujua kama yamechanganywa au ni ya transiti, yale ya kwenda nchi jirani, yamemwagwa huku, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa, hapo ndo mchezo wa kuchanganya na dizeli ukakosa faida. Zamani tofauti ya bei ilikuwa kubwa ndo maana watu walishawishika. Siku hizi tatizo unalokutana nalo zaidi ni maji, masika tenki la ardhini likiwa na mfuniko mbovu maji yanaingia. Gari ya dizeli inaonyesha haraka, inakosa nguvu mlimani na filta ukiifungua chini unakuta maji.

Risiti chukua kila mara. Bila risiti ukienda kulalamika utaulizwa una ushahidi gani kwamba ulijaza hapo, na hapo mazungumzo yanaisha.

Nikitokea Kahama kupitia Nyakanazi, Kibondo na Kasulu hali ikoje?

Kwa mafuta ni afadhali kuliko ya Kaliua. Miji imepangana vizuri: Kakonko, Kibondo, Kasulu alafu Kigoma, na huko watu wamejaa, vijiji havikatiki kama Malagarasi. Mashirika ya kambi za wakimbizi nayo yamechangia sana, Nyarugusu iliyofunguliwa 1996 na Nduta ya upande wa Kibondo, magari yao meupe yalikuwa yanajaza kila siku.

Tatizo la huko ni lingine, ni jirani. Burundi imekuwa na uhaba mkali wa mafuta miaka ya karibuni, na mpaka uko karibu, Manyovu na Mabamba. Hali ikiwa mbaya kule petroli ya huku inavuka kwa madumu kwa bei ya kuruka, kwahiyo unaweza kufika Kasulu ukakuta foleni ambayo haihusiani kabisa na mambo ya Tanzania. Ukisikia redioni Bujumbura hawana mafuta, we jaza mapema.

Na kuna siku shida ni ya kwetu wenyewe, kama ile ya Julai na Agosti 2023 ambapo mikoa mingi sheli zilikuwa na maji ya kuoshea vioo tu. Siku kama hizo mwisho wa njia ndo unaumia zaidi, gari la mafuta likichelewa Dar siku mbili, Kigoma inahisi wiki.

Na Tabora kwenda Mpanda?

Jaza Tabora, ongezea Sikonge. Baada ya Ipole ni msitu mpaka uchoke. Hiyo njia ni nzuri siku hizi, lami safi, ndo maana watu wanajisahau wanatembea na robo tenki. Wanaotoka Dodoma kuja Tabora kupitia Itigi nao vivyo hivyo, jaza Manyoni au Itigi, kipande cha Chaya–Nyahua kina kilomita 85 na usitegemee kitu humo.

Gari yangu inatumia gesi, huku ipo?

Haipo. Swichi kwenye petroli kuanzia ulikotoka.

Boti za Kigoma zinajaza wapi, nina injini ya boti Kibirizi?

Sheli hizi hizi za mjini, ndo maana ukipita asubuhi utaona bajaji imebeba madumu manne inaelekea mwaloni. Sheli nyingi ziko juu barabarani na ziwa liko chini, kwahiyo mvuvi analipia mafuta na analipia bajaji. Kwa wale wa kusini huko Buhingu na Kalya gharama inaongezeka tena kwa boti. Kama kuna mtu ana mtaji na anatafuta wazo, kituo cha mwaloni chenye usalama wa kueleweka kina wateja kila siku ukiacha zile za mbalamwezi ambazo wavuvi wa taa hawaingii ziwani.

Nataka kufungua sheli ndogo kijijini kwetu barabarani, nianzie wapi?

Anza na ardhi na usinunue kiwanja kilichogusa lami ukashangilia. Barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, pampu yako isiwe ndani ya hapo, na hata njia ya kuingilia magari unaomba kibali TANROADS, wakala wa barabara. Watu wamewekewa X ya kubomolewa kwasababu ya hili. Baada ya hapo ni halmashauri kwa matumizi ya ardhi na kibali cha ujenzi, NEMC kwa mazingira, Zimamoto, OSHA kwa usalama wa wafanyakazi, Wakala wa Vipimo kwa pampu, na leseni ya EWURA. Vituo vya vijijini vina masharti mepesi kidogo kuliko vya mjini, na REA (wakala wa nishati vijijini) ina utaratibu wa mikopo kwa wanaojenga vituo vya vijijini, waulize wenyewe masharti ya mwaka huu.

Ila kabla ya yote kaa kijijini kwenu barabarani siku nzima na daftari, hesabu magari yanayopita na hesabu pikipiki zilizolala hapo kijijini. Magari yanayopita yameshajaza Kaliua. Wateja wako ni pikipiki, mashine za kusaga na trekta. Kama hizo hazifiki idadi ya kukulipa, lami isikudanganye.

Mafuta yameisha porini, nifanye nini?

Toa gari barabarani kabisa, weka pembetatu au matawi mbele na nyuma mbali kidogo, malori ya usiku hayana huruma. Simamisha basi au bodaboda, konda wa basi anaweza kupeleka ujumbe na hela kwenye mji unaofuata, hawa watu wanasaidia sana kuliko unavyodhani. Usinyonye petroli kwa mdomo kutoka gari ya mtu, tafuta mpira wenye pampu ya mkono.

Ukiwa na petroli unamimina unawasha umeondoka. Ukiwa na dizeli, hasa fuso na pikapu za zamani, kumimina peke yake hakutoshi kwasababu hewa imeingia kwenye mfumo. Tafuta kile kipampu cha mkono karibu na filta, legeza skrubu ya kutolea hewa, pampu mpaka povu liishe na dizeli itoke safi, kaza, alafu piga stata kwa vipande vifupi vifupi na kuipumzisha. Ukiikazania mfululizo utaua betri, na hapo utakuwa unatafuta vitu viwili badala ya kimoja.